"Hali ya ndoa" kwenye takwimu za saratani maana yake nini?

Ukifungua faili hospitalini, karani anauliza jina, umri, kijiji, kisha: umeoa? Umeolewa? Wengi hulijibu swali hilo haraka, wakidhani ni la kujaza nafasi tu. Kumbe watafiti wa saratani hulitumia jibu hilo kulinganisha nani anaishi muda mrefu zaidi baada ya ugonjwa kugundulika.

Utafiti unaotajwa sana ni wa Marekani, wa mwaka 2013, uliochambua kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 700,000. Waliokuwa kwenye ndoa walikuwa na hatari ya kufa kwa saratani pungufu kwa asilimia 20 hivi kuliko wasio na ndoa, yaani wajane, walioachana na ambao hawajawahi kuoa wala kuolewa, wote kapu moja. Kwa kukadiria: penye vifo 10 vya wasio na ndoa, upande wa pili vingekuwa kama 8.

Cheti cha ndoa hakiui saratani, bila shaka. Ila walio kwenye ndoa walifika hospitali mara nyingi zaidi ugonjwa ukiwa haujasambaa, tena walipata zaidi tiba ya kuung'oa. Mfikirie mzee wa Bahi mwenye shida ya tezi dume. Hasemi kitu. Mkewe ndiye anayesikia mlango wa nje ukilia mara nne usiku, na ndiye atakayemsumbua mpaka akubali kwenda kupimwa. Nafuu hiyo ilionekana kubwa zaidi kwa wanaume, nami sishangai. Mwanamke akiugua, mara nyingi bado ndiye anayepika.

Kuna pia upande wa hesabu: mwenye afya na kipato huenda ndiye aliyepata mwenza kirahisi tangu mwanzo, kwa hiyo sifa zote zisiende kwa ndoa.

Huku kwetu, mgonjwa wa Dodoma akipewa rufaa ya mionzi kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, anaondoka nyumbani kwa wiki kadhaa. Anahitaji mtu wa kupanga foleni, kushika bahasha ya vipimo, na mwingine wa kubaki na mifugo. Ndoa husaidia hata kwenye bima, maana NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, humhesabu mwenza wa mwanachama. Lakini kazi nyingine zote hufanywa pia na dada, shangazi au kifungua mimba. Na wapo wanaofika na wifi kwa sababu mume amesema hana nauli. Faili linaandika "ameolewa". Waliokaa kinyumba miaka ishirini nao, karani awaweke wapi?

Ndiyo maana muuguzi mzoefu huongeza swali lake mwenyewe: "Umekuja na nani?" Akijibiwa "peke yangu", anaomba namba ya simu ya ndugu mmoja kabla hajaandika tarehe ya kurudi.