Wasiwasi na mawazo mabaya kwa Mkristo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Januari huku Nyanda za Juu Kusini mambo hugongana. Mahindi yanadai mbolea ya kukuzia, shule zinadai ada, kikundi kinadai marejesho. Watu huja ibadani na mawazo tele, na wengi huambiwa maneno yanayowazidishia mzigo.

Dhana: Mwenye imani hawi na wasiwasi.

Marko 14:33 inasema Yesu mwenyewe alifadhaika na kuhangaika Gethsemane. Paulo aliyeandika "msijisumbue" (Wafilipi 4:6) alikuwa kifungoni, na katika barua hiyohiyo anakiri ana huzuni anayotaka ipungue (2:28). Ukimwambia muumini "ungekuwa na imani usingewaza", utamfanya aanze kuwaza kwamba anawaza. Kinachoagizwa ni mahali pa kuupeleka wasiwasi, kwa kuwa kuja utakuja.

Dhana: Omba tu, utaisha.

Maombi mengi ya mtu mwenye wasiwasi ni wasiwasi uleule unaosemwa kwa sauti. Anapiga magoti saa nzima, anainuka amechoka kuliko alivyoanza, na ukimuuliza ameomba nini hana jibu. Wafilipi 4:6 inataka haja zijulikane, pamoja na kushukuru. Basi zitaje.

Jioni, kabla hujapanda kitandani, tenga dakika 15. Chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika jambo, kulia hatua. Usiandike "maisha magumu". Andika: "Viazi vimeshikwa na bakajani, deni la mbegu bado." Kulia: "Kesho asubuhi nimwone bwana shamba. Nimpigie katibu wa kikundi kabla ya siku ya kikao." Jambo lisilo na hatua mkononi mwako, kama mvua au kijana aliyeko Dar asiyepokea simu, andika "kwa Bwana". Kisha ombea mstari mmoja mmoja, na kwa kila mstari shukuru kwa kitu halisi, hata kama ni debe la mahindi lililobaki.

Hapo pia pima maneno yako, kwa sababu Wafilipi 4:8 inaanza na "yaliyo ya kweli". "Nitafilisika, kijiji kizima kitanicheka" ni utabiri. Kweli ni hii: "Nadaiwa laki mbili, nimelipa elfu themanini." Ombea hiyo.

Wazo likirudi saa nane usiku, jibu: "Limeandikwa, nimeliombea." Usingizi ukikataa kwa kama dakika 20, jifunike blanketi (baridi ya Juni Njombe na Makete si ya kuchezea), kaa kitini, soma Zaburi ya 131 yenye aya tatu tu, kisha urudi kulala. Simu iache.

Dhana: Wazo baya likipita kichwani, umeshatenda dhambi.

Hii inatesa watu wema kuliko zote. Shetani alimletea Yesu mawazo jangwani (Mathayo 4), na Waebrania 4:15 inasema hakutenda dhambi. Yakobo 1:14-15 anaonyesha mpangilio: tamaa huvuta, huchukua mimba, ndipo huzaa dhambi.

Kuna wazo unalolikaribisha na kulilisha, kama kisasi au tamaa. Hilo litubie, kisha ukate chanzo chake: futa namba, badili njia.

Lakini kuna wazo linalovamia. Mama anayenyonyesha anaona picha akimdhuru mwanawe. Mtu yuko kwenye Meza ya Bwana, tusi dhidi ya Mungu linamjia. Linamtisha kwa sababu linapingana na anachokipenda. Kulisukuma kwa nguvu hulirudisha, na kutubu mara ishirini, au kumfuata mchungaji kila siku ili akuhakikishie, hulilisha. Sema "hili ni wazo tu", endelea kunyonyesha, endelea kuimba. Liache lipite lenyewe.

Ni tofauti mtu akisikia sauti zinazomwamuru, akianza kuamini kwamba wazo la kudhuru ni sahihi, au akitaka kufa. Huyo afikishwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na dawa za shambani zifungiwe mbali naye.

Dhana: Amerogwa.

Ukishamtaja jirani, wasiwasi unabaki palepale na uadui unaongezeka.

Dhana: Kumeza dawa ni kukosa imani.

Eliya alipoomba afe (1 Wafalme 19), kwanza alilala, akaletewa mkate na maji, mara mbili. Horebu, mlima ambako Mungu alisema naye, ilikuja baadaye. Hofu au huzuni ikikunyima usingizi, chakula na kazi kwa wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya. Ikibidi watakupa rufaa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina huduma ya afya ya akili. Dawa nyingi za wasiwasi na huzuni huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, kwa hiyo usiziache wiki ya kwanza ukidhani hazifanyi kazi, wala baada ya maombezi bila kumwambia daktari. Aliyewahi kuchanganyikiwa akili asipelekwe kwenye mikesha, maana kukosa usingizi kunaweza kuurudisha ugonjwa. Aombewe mchana.

Dhana: Ukitaka kufunguliwa, shuhudia mbele ya wote.

Yakobo 5:16 inasema mwombeane, haitaji kipaza sauti. Chagua mtu mmoja anayetunza siri, mzee wa kanisa au mama wa jumuiya, mkutane kila wiki na lile daftari mkononi.