"Injini ya asili" maana yake si "injini ya aina ileile"

Injini ya asili ni ile iliyofungwa kiwandani gari lilipoundwa, na namba yake ndiyo iliyoingizwa kwenye daftari za kiwanda. Injini nyingine ya aina hiyohiyo, hata ya mwaka huohuo, ni injini sahihi kwa gari hilo, si ya asili. Wauzaji wa foo wili za zamani wanayachanganya haya mawili kila uchao, na mnunuzi ndiye anayelipia.

Mara nyingi mkanganyiko huanzia kwenye bloku, yaani mwili wa chuma wa injini. Pale kuna namba za aina mbili. Iliyoinuka juu ya chuma ilitoka na kalibu, na maelfu ya bloku zinayo hiyohiyo. Inataja aina tu. Iliyozama, iliyogongwa kwa stempu, ndiyo namba ya injini, na kila injini ina yake. Watu husoma ile ya kwanza, wakaikuta kwenye kitabu, wakashangilia. Kwenye Land Rover ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza kufungwa mwaka 1958, itafute hiyo iliyogongwa upande wa kushoto wa bloku, kwa mbele, karibu na manifoldi ya egzosi (bomba linalokusanya moshi wa injini). Kwa kawaida imezikwa chini ya rangi na grisi. Ifute taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, wala usiguse msasa: chuma kilichochongwa kwa mashine huwa na mistari myembamba, na pakiwa laini kupita kiasi chini ya namba, kuna aliyefuta akagonga upya.

Halafu kuna wanaosisitiza kwamba namba ya injini lazima ifanane na ya chesisi, yaani fremu ya gari. Inategemea kiwanda. Chukua Jeep za Vita vya Pili vya Dunia: Ford GPW ilitoka na namba moja kwenye injini na chesisi, ilhali Willys MB, pacha wake kwa macho, ilitoka na namba zinazopishana. Kumkosoa mwenye Willys kwa sababu hiyo ni kumwonea.

Toyota Land Cruiser nayo ina mtego wake. Herufi F ya modeli ya FJ40 inataja familia ya injini, kama B ya BJ40 inavyotaja dizeli. Lakini injini ya 2F ya lita 4.2 ilikuja miaka ya 1970 ikimrithi F ya lita 3.9. FJ40 ya mwaka 1965 yenye 2F ina injini ya ukoo wake, si yake.

Kwa Land Rover, British Motor Museum huko Gaydon, Uingereza, hutoa cheti kutoka kumbukumbu za kiwanda chenye namba ya chesisi na ya injini. Zikipishana na zilizo kwenye gari, gari halijaharibika kitu, na huenda injini hiyo ni nzima kuliko ya kwanza. Tangazo tu liseme "injini ya aina sahihi", na neno "asili" liachiwe gari lenye namba zake.