Washairi wa Kike wa Kitao katika Uchina ya Kale

Washairi wa kike wa Kitao ni wanawake waliopewa daraja la utawa katika dini ya Tao, hasa wakati wa nasaba ya Tang (618–907), na ambao mashairi yao yamehifadhiwa hadi leo. Jina hilo linaeleza hadhi yao kuliko mada ya tungo zao. Msomaji anayetarajia dua na tenzi za ibada atashangaa kukutana na mapenzi, safari, barua za kishairi kwa marafiki na, mara nyingi, malalamiko.

Hadhi hiyo haikuwa ndogo. Ukoo wa kifalme wa Li ulijinasibu na Laozi mwenyewe, mwenye hekima anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa Utao, kwa hiyo Utao ulilindwa na dola, na mabinti wawili wa mfalme Ruizong, Jinxian na Yuzhen, waliingia utawani. Kwa mwanamke asiye na nasaba ya kifalme, joho la mtawa lilimwezesha kuishi nje ya mamlaka ya baba na mume, kusafiri, na kujibizana kwa mashairi na maofisa wasomi. Uhuru huo ndio uliowafanya waandishi wa baadaye wawaite makahaba, tuhuma ambayo, kwa maoni yangu, imerudiwa kwa wepesi mno.

Li Ye, mmoja wa washairi hao, ana shairi la mishororo minne lililojengwa kwa vinyume: mashariki na magharibi, ambako ni karibu mno na mbali mno, kijito safi, chenye kina kirefu mno na kifupi mno, jua na mwezi, vilivyo juu na vyenye kung'aa kuliko vyote, kisha mume na mke, ambao hakuna walio karibu kuliko wao wala walio mbali kuliko wao. Mwaka 784 aliuawa kwa amri ya mfalme Dezong, kwa kuwa alikuwa amemtungia shairi mwasi Zhu Ci.

Yu Xuanji alikuwa suria wa ofisa mmoja kabla ya kuwa mtawa katika hekalu la Xianyi mjini Chang'an. Alipoona orodha ya wanaume waliofaulu mitihani ya serikali, ambayo wanawake hawakuruhusiwa kuifanya, aliandika kwamba anailaumu nguo yake ya hariri kwa kuyafunika mashairi yake, na kwamba anainua kichwa na kuyatamani bure majina yale. Xue Tao wa Chengdu yuko mpakani mwa kundi hili, kwani alivaa joho la Kitao uzeeni tu.

Mashairi ya ibada yenyewe hupatikana zaidi katika karne zilizofuata. Tungo zenye jina la Sun Bu'er (1119–1182), wa madhehebu ya Kitao ya Quanzhen, zinamwelekeza mwanamke, hatua kwa hatua, namna ya kutuliza pumzi na kuugeuza mwili wake kwa tafakuri.