Je, wajua? Mbwa wa spoti, uchukue dume ama jike?

Hapa Nakuru nikitoka na mbwa wangu mazoezi lazima mtu anisimamishe aniulize, nikitaka papi wa spoti nichukue dume ama jike? Na anayeuliza huwa ashaamua ni dume, ameambiwa jike ni mwoga. Si kweli kabisa. Spoti kama IGP, iliyotoka Ujerumani, ina mitihani mitatu, kufuata nyayo za mtu kwa kunusa, utii na ulinzi, kila mmoja alama 100, na jike na dume wanapimwa kwa sheria moja.

Mwili ndio tofauti. German Shepherd dume ni kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32, kwa hivyo dume akiruka akaushika ule mkono wa gunia unaovaa aume kwenye mazoezi ya ulinzi, unausikia hadi begani. Lakini jike ni mwepesi kwenye kuruka na kukata kona, na mara nyingi anatulia akili mapema, dume anaweza kufika miaka 2 bado ni mtoto tu. Halafu dume anataka kukojolea kila kichaka, usipomzuia mapema pua itafuata mikojo ya wenzake iache nyayo.

Shida ya jike ni joto, zile siku anataka dume. Linakuja kama kila miezi 6 ama 7, linakaa kama wiki 3, na hizo siku madume wa mtaa wanalala getini kwako, uwanjani nako anafanya mtihani wake mwisho ili asivuruge wengine. Miezi 2 hivi baadaye anaweza kudhani amezaa, wangu alibeba slipasi yangu akaiweka kona na kuilalia siku nzima, mazoezi hataki hata kusikia. Hapo unapunguza tu kazi, inapita, lakini kama mashindano yako yanaangukia hapo ujue mapema.

Na kama nyumbani kuna mbwa tayari, chukua wa jinsia nyingine, kwa sababu majike wawili wakianza kupigana wanaweza kukosana moja kwa moja na itabidi uwatenganishe milele.

Lakini mimi ningeangalia mama kwanza, kama anajificha ama anamkimbia mgeni, nenda nyumbani. Kisha papi mmoja mmoja. Nilienda Njoro nikitaka dume, nikaangusha kifuniko cha sufuria kwenye simiti nione nani haogopi kelele, wanne wakakimbilia chini ya mama yao, madume wote wawili wakiwemo, kajike kamoja kakaruka nyuma, kakasimama, kakarudi kakakiuma kifuniko kakaanza kukivuta. Nikakabeba. Sasa ana miaka 4, na asubuhi kwenye shamba la ngano iliyovunwa, umande bado uko, pua yake haiinuki hadi afike kwa ile glavu nimeiacha mwisho wa nyayo, halafu analala mbele yake ananingoja.