Tamasha la Tumaini: kambini, mwenyeji ni mkimbizi

Kazi yangu ni kuratibu matamasha ya utamaduni. Kamati ikiniita kuishauri kuhusu sherehe ya "makabila yote", kitu cha kwanza ninachoomba ni mchoro wa uwanja. Karibu kila mara ni ule ule: turubai la mgeni rasmi, viti vilivyovalishwa vitambaa, maji ya chupa mezani, na vikundi vya ngoma vinasubiri zamu juani. Kila kikundi kinapewa dakika tano, soda na nauli. Hotuba zinasema sote ni ndugu. Kesho yake, mtu aliyenyimwa chumba cha kupanga kwa sababu ya jina lake bado ananyimwa.

Hapo ndipo huwa nawatajia Tumaini, tamasha linalofanyika ndani ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, nchini Malawi, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe. Lilianzishwa mwaka 2014 na Menes La Plume, mshairi na mwanamuziki Mkongomani aliyekuwa mkimbizi hapo hapo. Kambi yenyewe ilifunguliwa mwaka 1994 palipokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi. Ilipangiwa watu kama 10,000 hivi. Leo wamezidi 50,000. Wengi ni Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, na wapo pia Waethiopia na Wasomali. Kiswahili utakisikia kila kichochoro.

Kuingia ni bure. Jukwaani wasanii wa kambini wanapokezana na wenzao wa Malawi na wa nchi nyingine. Wapiga ngoma wa Kirundi huingia uwanjani wakiwa wamejitwika ngoma kichwani huku wanazipiga, na hapo hata mtu aliyekuja kupitisha muda tu huacha simu yake. (Ngoma hizo ziliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka huo huo wa 2014.) Ila burudani nzuri ipo kwingi, wala sioni kama ndiyo inayolipa tamasha hili uzito.

Uzito uko kwenye malazi. Mgeni akitaka, hulala nyumbani kwa familia ya wakimbizi. Hebu mfikirie mtu wa Lilongwe ambaye miaka yote amewasikia "watu wa Dzaleka" kwenye redio tu. Anapiga hodi na begi lake, anaonyeshwa bafu lilipo, anaambiwa mlango unafungwaje usiku. Jioni anawekewa ugali na sombe (kisamvu), anaulizwa kama pilipili imezidi. Asiyejua njia ni yeye, anayehitaji mtu wa kumtafsiria ni yeye, na mwenye kauli ndani ya nyumba ile ni mkimbizi. Hotuba ya saa nzima haiwezi kupanga watu hivyo.

Halafu kuna pesa. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 lakini ikakataa kufungwa na baadhi ya vifungu vyake, vikiwemo vya kazi na vya mahali pa kuishi, kwa hiyo mkimbizi hatakiwi kutoka tu akatafute soko mjini. Siku za tamasha soko linamfuata: wauza chakula, mafundi cherehani wenye mashati ya kitenge, wasusi. Wanavijiji wa jirani nao huja kuuza na kununua. Ubaguzi mwingi ninaokutana nao kazini unaanzia kwenye biashara, "wanatuchukulia wateja", ndipo baadaye unavalishwa nguo ya kabila.

Mipaka ipo. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi kambini. Maduka yalifungwa, familia zikakamatwa na kupelekwa Dzaleka. Tamasha lilikuwa na umri wa miaka tisa, na halikuzuia lolote. Sheria hubadilishwa bungeni na mahakamani, na mratibu anayewaahidi wafadhili vinginevyo anawadanganya.

Kwa kamati yenye bajeti ndogo, ningekata turubai kwanza. Pesa yake iwalipe wapishi na wenye nyumba watakaopokea wageni, na ilipwe kabla ya siku yenyewe, maana ahadi ya "tutaonana baada ya shughuli" wanaijua mwisho wake. Mshereheshaji atoke kwenye jamii inayosemwa vibaya, afungue kwa lugha yake, na mgeni rasmi asubiri tafsiri kama watu wengine.