Kabla hujaipenda rangi, tazama habu ya nyuma

"Fundi, nichomelee friwili hii ikamate."

Ombi hili nalipata karibu kila mwezi. Mwombaji huwa ni kijana aliyeona video za watu wakiserereka mjini na baiskeli za fiksi zisizo na breki. Mkononi ana baiskeli ya mtumba yenye gia, na fundi wa kuchomelea yuko hatua chache tu kutoka kibandani kwangu. Jibu langu ni hapana. Nimechoka kulieleza juani, kwa hiyo leo naliandika, atakayeuliza tena nimtumie hapa.

Baiskeli ya kawaida ukiacha kukanyaga, friwili, ile gia ya nyuma inayozunguka bure, inalia tik-tik-tik na gurudumu linaendelea na safari yake. Fiksi haina friwili. Gia ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, basi gurudumu likizunguka pedali zinazunguka, na miguu yako pia, utake usitake. Ukitaka kupunguza mwendo unaikaza miguu, unauzuia mnyororo usiende. Balaa linaanzia hapo, maana nyuzi za habu ya kawaida, ile mikato ya kukazia kama ya skrubu, zimekatwa ili gia izidi kukaza unapokanyaga mbele. Ukizuia kwa miguu, unaifungua.

Habu halisi ya fiksi ina nyuzi za ngazi mbili. Ngazi kubwa ni ya gia, inakaza kulia kama nati yoyote. Nje yake kuna ngazi ndogo kidogo, iliyokatwa kinyume, ya nati bapa ya kufungia. Gia ikitaka kufunguka inaigusa nati ile, na kwa kuwa nyuzi zake ni za kinyume, nati inazidi kubana badala ya kulegea. Kazi yote ya kukulinda iko kwenye kipande hicho kidogo cha chuma.

Kinachowaponza vijana ni kwamba nyuzi za gia ya fiksi na za friwili inayokazwa kwa kuzungushwa kwa kawaida ni saizi moja: inchi 1.37, nyuzi 24 kwa kila inchi. Gia ya fiksi inaingia kwenye habu ya zamani bila hiyana, na friwili iliyochomelewa inakaa palepale ilipokuwa. Unapanda, inakwenda, unafurahi, ila nati ya kinyume haipo. Waendeshaji wa Uingereza na Marekani huiita habu ya namna hiyo habu ya kujiua, na hawatanii. Dogo mmoja niliyemkatalia alienda kuchomelewa kwingine, akatoa na breki zote mbili ili baiskeli ionekane nyepesi. Akiwa anateremka kutoka Faya kwenda Jangwani akakaza miguu, friwili ikajifungua, pedali zikawa hazina kazi. Alichagua mtaro badala ya bajaji. Alirudi kwangu na goti lenye bandeji, baiskeli kaibeba begani.

Sasa tuje kwenye pesa. Bei za mitumba hapa Dar hubadilika kila kontena linapofunguliwa, kwa hiyo sitakutajia shilingi. Nitakwambia inakwenda wapi: karibu nusu ya bajeti ya vipuri mimi naiweka kwenye gurudumu la nyuma. Tafuta habu yenye pande mbili, upande mmoja wa fiksi na wa pili wa friwili. Ukichoka, au goti likilalamika, unafungua nati mbili, unaligeuza gurudumu, unarudi nyumbani kwa friwili. Ujanja huu si mgeni. Kabla ya 1937, Tour de France ilikataza mashine ya kuhamisha mnyororo, na waendeshaji walikuwa wakishuka chini ya mlima, wanageuza gurudumu la nyuma, wanapata gia nyingine.

Fremu naichukua mtumba bila aibu, ila iwe ya chuma. Tembea na sumaku ndogo mfukoni. Ikinasa, ni chuma, na chuma kinanyooshwa, kinachomelewa, kinasamehe. Kisha inama utazame pale ekseli ya nyuma inapoingia. Mdomo ukiwa umelala, ukielekea mbele au nyuma, utaweza kulivuta gurudumu hadi mnyororo ukaze. Ukiwa wima, unaotazama chini, achana nayo hata kama ni ya bure. Kwenye baiskeli ya gia nyingi mnyororo uliolegea huvutwa na mkono wenye springi. Fiksi haina mkono huo, na mnyororo ukitoka ukiwa kwenye mwendo unaweza kuligandisha gurudumu papo hapo.

Pima na upana kati ya masikio mawili ya nyuma. Habu ya fiksi kwa kawaida ni milimita 120. Fremu nyingi za zamani za mashindano ni 126, na tofauti hiyo inamalizwa kwa washa, zile pete bapa za chuma, upande huu na huu. Ukikuta 135 hiyo ni ya baiskeli ya milimani, itakusumbua.

Watu huniuliza kuhusu Phoenix ya babu. Mdomo wake wa ekseli unafaa, sikatai. Lakini ni nzito, na ringi zake zimetengenezwa kwa breki za vyuma zinazobana kwa ndani, hazikubali breki ya kubana ubavuni. Iache ibebe magunia, inaijua kazi hiyo.

Hewa ya chumvi ya huku kwetu ina tabia ya kuunganisha vyuma. Kabla hujalipa, jaribu kuzungusha bomba la siti. Likikataa kabisa, punguza bei au ondoka. Shika krenki, ule mkono wa pedali, uitikise kushoto na kulia, ukisikia inagonga, gololi za katikati zimekwisha. Hilo linatengenezeka kwa pesa kidogo. Rangi iliyopasuka mstari chini ya shingo ya usukani haitengenezeki kirahisi, huenda fremu imewahi kula ukuta. Halafu tazama juu ya foki kama kuna tundu la breki. Foki za baiskeli za uwanjani mara nyingi hazina.

Nitakufungia breki ya mbele hata ukinikasirikia. Ukisimama ghafla uzito wote unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kuanza kuburuzika. Miguu yako inashika hilo la nyuma tu. Daladala ikisimama mbele yako kuchukua abiria, utanikumbuka.

Kuhusu gia, vijana wanapenda kubwa kwa sababu ya sifa. Kwa mjini, kutoka Magomeni hadi Posta, mimi nafunga meno 44 mbele na 17 nyuma. Kwa tairi la 700 × 28, pedali ikizunguka mara moja unakwenda mita tano na nusu hivi, na ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika unakaribia kilomita 30 kwa saa. Kariakoo hutaipata nafasi ya kwenda hivyo. Anayekaa Kimara, mwenye ule mwinuko wa kurudia nyumbani jioni, naongeza jino moja au mawili nyuma. Na kama unapenda kuserereka, yaani kuligandisha gurudumu la nyuma kwa miguu likaburuzika, epuka 48 kwa 16. Hesabu yake inagawanyika sawasawa mara tatu, kwa hiyo ukitanguliza mguu uleule tairi linasimama mahali palepale kila mara, na litatoboka hapo huku kwingine likiwa jipya. Kwa 46 na 17 hesabu haigawanyiki, na tairi linalika sehemu 17 tofauti.

Matuta ndiyo mwalimu mkali. Kwenye baiskeli nyingine unasawazisha pedali, unainuka, unapita. Hapa pedali hazikusubiri. Punguza mwendo mapema, inuka kidogo kwenye siti, magoti yalegee, miguu iendelee kuzunguka. Krenki fupi za milimita 165 zinasaidia pedali isigonge tuta wala ukingo wa lami unapokata kona. Tairi usiende chini ya 28, na kama fremu inaruhusu weka 32, mashimo yetu unayajua.

Mguu lazima ufungwe kwenye pedali, mkanda wa kawaida unatosha, na ndala hazifai. Suruali pana ikunje, kanzu ya Ijumaa iache, au siku hiyo geuzia upande wa friwili. Nguo ikinaswa kwenye mnyororo wa fiksi hakuna cha kuacha kukanyaga, itavutwa mpaka baiskeli isimame au wewe uanguke. Na usifute mnyororo kwa kitambaa huku gurudumu linazunguka. Vidole vya watu vimekatika hivyo.

Ukishaipata, ipande siku ya kwanza kwenye kimwinuko ukikanyaga kwa nguvu, gia ijikaze yenyewe hadi mwisho. Kisha iletwe, niikaze nati ile ya kinyume upya, maana ulipopanda gia imesogea na nati imebaki nyuma. Kazi hiyo ni ya dakika tano na sidai hela. Dogo wa mtaroni alikuja nayo Jumamosi, habu mpya, breki moja mbele. Aliniuliza kama naweza kumpakia rangi ya chungwa kwenye ringi. Hiyo nilikubali.