Picha ya Pasipoti Kurudishwa: Tatizo ni Mwanga, Si Rangi Yako

Malalamiko yanayotufikia kwa wingi siku hizi kwenye dawati la uhakiki wa hati za kusafiria ni ya picha. Mwombaji amejaza fomu, amelipa, kisha anapata ujumbe kwamba picha haikidhi vigezo. Wengi wanaamini mashine zetu haziwapendi watu weusi.

Dhana hiyo ina historia yake. Kwa miongo kadhaa filamu za rangi za Kodak zilipimwa kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi ikawa inatoka kama kivuli. Lakini picha nyingi tunazorudisha leo ziliharibika studio, pale mpigapicha alipoiachia kamera iamue yenyewe.

Kipimo cha mwanga cha kamera hakimjui mtu. Kinachukua mwanga wote uliomo kwenye fremu na kuuvuta kuelekea kijivu cha wastani. Mtu akisimama mbele ya ukuta mweupe, tena amevaa kanzu nyeupe, kamera huona mwanga umezidi na kuubana: ukuta unatoka kijivu, macho yanazama gizani. Mwenye buibui jeusi hupata kinyume chake. Kamera huona giza, inafungulia mwanga, na paji la uso linaungua. Simu mpya hujitahidi kuutafuta uso kwanza, ila hazipatii kila mara. Picha iliyozama kidogo inaweza kuinuliwa, ingawa itakuwa na chengachenga, yaani vidotidoti. Iliyoungua haiponi, kwa sababu pale penye weupe mtupu hakuna kilichorekodiwa.

Mwanga unadhibitiwa na vitu vitatu: tundu la lenzi (namba yake ya f ikipungua, tundu linapanuka), spidi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaruhusiwa kuingia, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Kutoka f/5.6 kwenda f/4 ni kuingiza mwanga mara mbili, sawa na kushusha shata kutoka 1/125 hadi 1/60 au kupandisha ISO kutoka 100 hadi 200. Kivulini nje, mchana wa jua, f/5.6 kwa 1/125 na ISO 100 zinakaribia kabisa kutosha. Ndani ya chumba chenye taa moja ya tyubu, tundu na spidi hiyohiyo vinaweza kudai ISO 3200, ndiyo maana picha za ndani zinajaa chengachenga. Kwenye simu nyingi tundu halibadiliki, kwa hiyo usihangaike kulitafuta. Gusa uso kwenye kioo, shikilia, kisha vuta alama ya jua juu au chini mpaka ngozi ya shavu ionekane kama ilivyo.

Simama barazani kivulini, uso ukielekea nje kwenye mwanga, mita moja hivi kutoka ukutani ili kivuli chako kisilale nyuma yako. Jua la saa sita likiwa juu ya kichwa linachimba mashimo meusi machoni. Flashi ya simu nayo inaacha mng'ao kwenye paji la uso lenye jasho. Futa jasho kwanza.

Vigezo vyenyewe vinafuata Waraka 9303 wa ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Kwa picha ya milimita 35 kwa 45, uso uchukue asilimia 70 hadi 80 ya urefu wake. Macho yawe wazi, mdomo umefungwa, na picha isizidi miezi sita. Hijabu na kilemba cha dini vinaruhusiwa mradi uso uonekane kuanzia kidevu hadi paji. Hatukuomba picha ya harusi.

Filta ni suala zito zaidi. Kulainisha ngozi, kupunguza pua au kung'arisha rangi kunabadilisha vipimo ambavyo mashine ya mpakani inavilinganisha na uso wako. Picha ya namna hiyo inakataliwa, na ikibainika ilikusudiwa kudanganya, suala linatoka kwenye uhakiki na kuwa la jinai. Ujerumani, kwa kuhofia sura za watu wawili kuchanganywa katika picha moja, tangu tarehe 1 Mei 2025 haipokei tena picha za karatasi kwa pasipoti zake. Inataka za kidijitali zilizotumwa moja kwa moja na mpigapicha aliyeidhinishwa au zilizopigwa ofisini.

Picha yako ikirudishwa, soma sababu iliyoandikwa kabla ya kupiga nyingine. Kutuma tena ileile, hata mara nne, hakuibadilishi. Na usipige picha kwa simu ya picha iliyokwisha kusafishwa kwenye karatasi: unakuwa umepima mwanga wa karatasi, na mng'ao wake tunauona.